Afrika Kusini: Bajeti ya kilimo yazua mvutano, mkulima mdogo angali anasubiri

Kwa zaidi ya miaka 30 wanasiasa wa Afrika Kusini wamekuwa wakibishana juu ya kiasi cha fedha ambacho serikali inapaswa kuwatolea wakulima waliokwama. Ubishi huo wa kiasi umelifunika swali jingine ambalo wakulima wa Afrika Mashariki nao wanalijua vizuri: fedha hizo zinapita njia gani, na je, zinafika?

JOHANNESBURG

Kabla jua halijachomoza, malori hupanga foleni kwenye milango ya soko kuu la mazao la City Deep, kusini mwa jiji la Johannesburg. Hili ndilo soko kubwa kabisa la matunda na mboga barani Afrika. Viazi, nyanya, vitunguu na kabichi kutoka kila upande wa nchi hushushwa hapa na kuuzwa na madalali kwa niaba ya wakulima. Mchuuzi wa Soweto, mwenye duka la Yeoville na mnunuzi wa supamaketi kubwa, wote huja hapa kujipatia bidhaa.

Mtu akitembea ndani ya kumbi za soko hilo anaweza kudhani kwamba kilimo cha Afrika Kusini hakina shida yoyote. Kwa hakika nchi hii huuza nje mazao mengi kuliko nchi nyingi za Afrika. Mwaka 2024 mauzo yake ya nje ya kilimo yalifikia dola za Kimarekani bilioni 13.7, na katika biashara ya machungwa na jamii yake inashika nafasi ya pili duniani nyuma ya Hispania.

Lakini nyuma ya marundo hayo ya viazi kuna mvutano wa kisiasa usiokwisha. Mvua inapokosekana, bei inapoanguka au maradhi yanapoingia zizini, serikali imsaidie mkulima kwa kiasi gani? Na ni mkulima yupi anayestahili kusaidiwa kwanza?

Enzi ya mkono wa serikali

Ili kuuelewa mvutano huo inatubidi turudi nyuma. Mwaka 1912 serikali ilianzisha Benki ya Ardhi ili iwakopeshe wakulima kwa riba nafuu. Mwaka uliofuata, 1913, ikapitishwa sheria ya ardhi iliyowazuia Waafrika kununua au kukodi ardhi nje ya maeneo waliyotengewa, ambayo wakati huo yalikuwa kiasi cha asilimia 7 tu ya nchi. Baadaye, mwaka 1936, kiasi hicho kiliongezwa hadi kufikia kama asilimia 13.

Kwa hiyo mkono mmoja wa serikali ulikuwa ukitoa mikopo, na mkono wa pili ulikuwa ukiamua nani awe na shamba la kuwekea dhamana. Mwaka 1937 ikaja sheria ya masoko ya mazao. Zikaundwa bodi za mahindi, maziwa, ngano na mazao mengine, nazo zikapanga bei na kununua mazao. Mkulima mzungu alijua kabla ya kupanda kwamba mahindi yake yatanunuliwa. Ukame ulipozidi, kama ule wa mwaka 1992, serikali ilitoa mabilioni ya randi, na sehemu kubwa ya fedha hizo ilitumika kupunguza madeni ya wakulima wakubwa.

Mfumo huo ulianza kulegezwa katika miaka ya 1980 kwa sababu hazina ilikuwa imeelemewa. Baada ya uchaguzi wa mwaka 1994 serikali mpya ya chama cha ANC iliumalizia mbali. Sheria mpya ya masoko ya mwaka 1996, iliyopitishwa wakati Derek Hanekom akiwa waziri, ilizifunga bodi hizo. Mahindi yakaachiwa soko huria, na bei yake sasa hupangwa na wanunuzi na wauzaji katika soko la hisa la Johannesburg, lenye makao yake Sandton.

Wengi waliunga mkono uamuzi huo wakati ule, kwa sababu bodi zilikuwa zimewatajirisha wachache kwa gharama ya mlaji. Hata hivyo, wakati wa mabadiliko hayo haukuwa mzuri kwa mkulima mweusi. Mlango wa msaada wa serikali ulifungwa katika miaka ile ile ambayo yeye alikuwa ndio kwanza anapata haki ya kuukaribia. Mkulima mzungu aliingia katika soko huria akiwa na shamba, trekta na uzoefu, pamoja na ushirika wenye maghala yaliyojengwa kwa mikopo nafuu ya enzi zile. Mwenzake aliingia mikono mitupu.

Hata wakulima wakubwa hawakubaki wote. Mwaka 1993 mashamba ya kibiashara yalikuwa karibu 58,000. Sensa ya kilimo ya mwaka 2017 ilihesabu 40,122 tu. Wengine waliuza, wengine walifilisika, na mashamba yao yakamezwa na majirani wenye nguvu zaidi.

Ukame wa mwaka 2015

Mjadala uliokuwa umelala uliamka tena mwaka 2015. Mwaka huo Afrika Kusini ilipata mvua kidogo kuliko mwaka wowote tangu kumbukumbu za kitaifa zianze kuwekwa mwaka 1904. Majimbo matano, yakiwemo Free State na North West ambayo ndiyo ghala la mahindi la nchi, yalitangazwa kuwa maeneo ya maafa.

Hapa inafaa kueleza jinsi mkulima wa mahindi anavyofanya kazi. Yeye hupanda kati ya Oktoba na Desemba na kuvuna kuanzia Mei. Kabla ya kupanda hukopa fedha za mbegu, mbolea, dawa na dizeli, na deni hulipwa mavuno yakishauzwa. Mvua isiponyesha, deni linabaki palepale na riba yake inaongezeka. Mwaka unaofuata huhitaji mkopo wa pili juu ya ule wa kwanza.

Mavuno yalishuka kutoka takriban tani milioni 14 mwaka 2014 hadi chini ya tani milioni 8 mwaka 2016. Nchi ambayo kwa kawaida huwauzia majirani mahindi ikalazimika kuyaagiza kutoka ng'ambo. Januari 2016 bei ya mahindi meupe, yanayoliwa kama ugali, ilipita randi 5,000 kwa tani katika soko la Johannesburg. Bei hiyo haikumfaa mkulima ambaye hakuwa na kitu cha kuuza. Waliokuwa wameuza mapema kwa mkataba ndio waliokuwa na hali mbaya zaidi, kwani iliwabidi wanunue kwa bei ya juu ili watimize ahadi waliyoiweka kwa bei ya chini.

Vyama vya wakulima vikaitaka serikali iingilie kati kwa mabilioni, hasa katika madeni. Serikali, kupitia waziri wa kilimo wa wakati huo Senzeni Zokwana, ilielekeza nguvu zake kwenye malisho ya mifugo, visima na mikopo nafuu. Wapinzani bungeni wakadai kwamba huo ulikuwa msaada kidogo uliochelewa. Wanasiasa wa chama tawala wakauliza iweje hazina ibebe hasara za makampuni ya kilimo wakati faida za miaka mizuri hubaki kwa wenyewe.

Pande zote mbili zilikuwa na hoja. Serikali ilikuwa na madeni, na wakulima wadogo waliokuwa wakilalamika kwamba ng'ombe wao wanakufa hawakuwa na chama chenye sauti kama ya wakubwa. Lakini mkulima mkubwa anapofunga shamba, wanaoathirika wa kwanza ni vibarua. Kilimo cha Afrika Kusini huchangia chini ya asilimia 3 ya pato la taifa moja kwa moja, lakini huajiri watu wapatao 900,000, wengi wao vijijini ambako hakuna kazi nyingine.

Mwaka 2017 mvua ilirudi, na mahindi yakavunwa karibu tani milioni 17. Bei ikaporomoka, na mjadala ukazimika pamoja na ukame. Wazo la bima ya mazao yenye ruzuku ya serikali, ambalo limezungumzwa kwa miaka mingi, likarudi kabatini.

Benki ya Ardhi yakwama

Pigo lililofuata lilitoka mahali ambapo wengi hawakulitarajia. Aprili 2020, wakati nchi imefungwa kwa sababu ya ugonjwa wa COVID-19, Benki ya Ardhi ilishindwa kulipa madeni yake. Benki hiyo hiyo iliyoanzishwa mwaka 1912 ilikuwa ikidaiwa zaidi ya randi bilioni 40, huku ikiwa imebeba kiasi cha asilimia 29 ya mikopo yote ya kilimo nchini.

Tatizo lake halikuwa ukame peke yake. Benki ya Ardhi haipokei akiba za wananchi kama benki nyingine. Yenyewe hukopa katika masoko ya fedha, tena kwa muda mfupi, kisha humkopesha mkulima kwa muda mrefu. Wenye fedha wanataka faida na usalama. Wanasiasa nao wanaitaka benki hiyo imkopeshe mkulima mpya, ambaye hana dhamana wala historia ya kukopa. Benki ilikuwa ikijaribu kuwaridhisha wote wawili, na sehemu kubwa ya mikopo yake ikawa bado iko kwa wakulima wakubwa wa kibiashara.

Bunge likagawanyika juu ya kuiokoa. Juni 2020 Waziri wa Fedha Tito Mboweni alitenga randi bilioni 3. Oktoba mwaka huo huo serikali ikatoa randi bilioni 10.5 kwa ajili ya shirika la ndege la taifa, SAA, fedha zilizopatikana kwa kupunguza mafungu ya wizara nyingine. Watu wengi walikasirika na kuuliza ndege na chakula kipi kitangulie. Februari 2021 Benki ya Ardhi ikaongezewa randi bilioni 7. Ukijumlisha, benki ya wakulima wote wa nchi ilipata takriban kiasi kile kile kilichokwenda kwa shirika moja la ndege.

Benki hiyo ilimalizana na wadai wake na kutoka katika hali ya kushindwa kulipa mnamo Septemba 2024, miaka minne na zaidi baadaye. Kwa sehemu kubwa ya muda huo milango ya mikopo mipya ilikuwa imefungwa. Wakulima wakubwa walihamia benki za kibiashara. Wadogo hawakuwa na pa kuhamia. Mwaka 2022 ulianzishwa mpango wa kuchanganya ruzuku ya serikali na mkopo wa benki, ili mkulima mpya asibebe deni lote peke yake. Ni hatua nzuri, lakini ilimkuta mtu amekwisha kosa misimu miwili.

Vocha na orodha

Katika mwaka huo huo wa 2020 serikali ilijaribu pia njia nyingine. Waziri wa Kilimo na Ardhi, Thoko Didiza, alitangaza mfuko wa randi bilioni 1.2 kwa ajili ya wakulima wadogo walioathiriwa na COVID-19. Msaada ulitolewa kwa vocha za pembejeo, na masharti yalimtaka mwombaji awe na mauzo ya kati ya randi 50,000 na milioni 1 kwa mwaka.

Tuseme ni mama mwenye kuku 200 na bustani ya mchicha pembezoni mwa mji. Anauza kwa fedha taslimu mlangoni na kando ya barabara. Anafanya biashara kweli, lakini hana hesabu zilizoandikwa wala taarifa ya benki ya kuonyesha kwamba amefikisha randi 50,000. Kwa mujibu wa fomu, mama huyo si mkulima. Maombi zaidi ya elfu 50 yaliwasilishwa, na yaliyokubaliwa katika mchujo yalikuwa takriban elfu 15.

Baadaye serikali ilianzisha mpango mwingine wa vocha za kati ya randi 1,000 na 9,000 kwa wanaolima kwa ajili ya chakula cha nyumbani. Maombi yake yalipokelewa kwa simu ya kawaida ya mkononi bila intaneti. Mpango huo uliwafikia watu ambao wizara haikuwahi kuwa na majina yao. Ulionyesha kwamba fedha kidogo zinaweza kufika mbali kama njia yenyewe ni fupi.

Ardhi bila hati

Kuna kikwazo kingine ambacho vocha haiwezi kukiondoa. Tangu mwaka 2006 serikali imekuwa ikinunua mashamba kwa ajili ya mageuzi ya ardhi, lakini badala ya kuwakabidhi wakulima hati, imekuwa ikiwakodisha. Ardhi iliyo mikononi mwa serikali kwa njia hiyo inakadiriwa kuwa hekta milioni 2.5. Mkulima anaweza kuwa amelima hapo kwa miaka 10, lakini akienda benki hana cha kuweka dhamana. Wengine wana mikataba ya muda mfupi, na wengine mikataba yao imekwisha na haijafanywa upya.

Wandile Sihlobo, mchumi mkuu wa chama cha wafanyabiashara wa kilimo Agbiz, amekuwa akihimiza mara kwa mara kwamba ardhi hiyo igawiwe wakulima wenye uwezo pamoja na hati zake. Chama cha DA kinasema hivyo hivyo kwa misingi ya haki ya kumiliki mali. Chama cha EFF kinapinga, kikitaka ardhi yote iwe chini ya serikali. Ndani ya ANC kuna wanaohofia kwamba mkulima mweusi akipewa hati leo ataiuza kesho kwa aliyekuwa nayo jana. Hofu hiyo ina chanzo chake. Ukaguzi wa ardhi wa serikali wa mwaka 2017 ulionyesha kuwa katika mashamba yanayomilikiwa na watu binafsi, wazungu wanashika asilimia 72 na Waafrika weusi asilimia 4 tu. Lakini anayelipa gharama ya mabishano hayo ni mkulima anayekaa shambani akisubiri karatasi.

Bajeti tatu katika mwaka mmoja

Katika uchaguzi wa Mei 2024 ANC ilipoteza wingi wa viti bungeni kwa mara ya kwanza, na ikaundwa serikali ya umoja wa kitaifa. Wizara ya Kilimo ikatenganishwa na Ardhi. Kilimo kilikwenda kwa John Steenhuisen, kiongozi wa DA wakati huo, na Ardhi ikaenda kwa Mzwanele Nyhontso wa chama cha PAC. Mkulima aliyekuwa akizungusha fomu zake katika wizara moja sasa ana wizara mbili, chini ya vyama viwili visivyokubaliana juu ya ardhi.

Mwaka 2025 washirika hao waligombana juu ya bajeti yenyewe. Februari 19, saa chache kabla ya Waziri wa Fedha Enoch Godongwana kuisoma, bajeti iliahirishwa kwa sababu DA ilikataa kodi ya ongezeko la thamani kupandishwa kutoka asilimia 15 hadi 17. Toleo la pili lilisomwa Machi 12 likiwa na ongezeko dogo zaidi, nalo likafikishwa mahakamani. Aprili ongezeko hilo likafutwa, na toleo la tatu likasomwa Mei 21.

Kiini cha ugomvi huo ni kwamba hazina haina nafasi. Katika bajeti ya mwaka 2025, kiasi cha senti 22 katika kila randi ya mapato kilitengwa kulipia riba ya madeni ya taifa. Hospitali, shule, polisi na ruzuku za wazee zote zinagombea kinachobaki, na kilimo ni sauti mojawapo kati ya nyingi.

Wakati wanasiasa wakibishana, ugonjwa wa miguu na midomo ulikuwa ukienea kwa ng'ombe. Juni 2025 ulithibitishwa katika kituo kikubwa cha kunenepesha ng'ombe karibu na Heidelberg, kusini mashariki mwa Johannesburg. Chanjo ilibidi iagizwe Botswana, kwa kuwa Afrika Kusini ilikuwa imeacha miaka mingi kuizalisha kwa wingi. Mfugaji aliyewekwa karantini hawezi kuuza hata ng'ombe mzima, lakini riba ya mkopo wake haiwekwi karantini. Kwa mara nyingine watu wakauliza kwa nini fedha za kuzuia hazikutolewa mapema, zikiwa kidogo kuliko za kutibu.

Midrand na asilimia 10

Kati ya Johannesburg na Pretoria kuna eneo la Midrand. Huko ndiko yaliko makao ya shirika la maendeleo la Umoja wa Afrika, AUDA-NEPAD, na pia Bunge la Afrika. Shirika hilo husaidia kufuatilia ahadi waliyoiweka viongozi wa Afrika mjini Maputo Julai 2003, kwamba kila nchi itatenga angalau asilimia 10 ya bajeti yake kwa ajili ya kilimo. Ahadi hiyo ilirudiwa Malabo mwaka 2014.

Tathmini zilizofuata hazikupendeza. Mwaka 2018 nchi 20 zilionekana kuwa ziko katika njia ya kutimiza malengo ya Malabo. Mwaka 2020 zilibaki 4. Mwaka 2022 ilibaki Rwanda peke yake, na mwaka 2024 hakukuwa na hata moja. Januari 2025 viongozi walikutana Kampala na kupitisha azimio jipya kwa ajili ya miaka 10 inayoanzia 2026.

Asilimia 10 ni kipimo kizuri cha kumbana waziri bungeni. Lakini hakionyeshi kama fedha zilikwenda kwenye semina na magari au kwenye mfereji wa maji na mbegu.

Hali ya Tanzania na Kenya

Wasomaji wetu wa Tanzania wataikumbuka vocha ya pembejeo ya mwaka 2008 na kaulimbiu ya Kilimo Kwanza ya mwaka 2009. Mkulima alipaswa kupata mbolea na mbegu kwa nusu bei. Walipata wengi, lakini malalamiko yalikuwa mengi pia juu ya vocha zilizoishia kwa wenye nafasi kijijini. Ruzuku ya mbolea iliporudishwa mwaka 2022, bei zilipopanda duniani kote kutokana na vita vya Ukraine, serikali iliamua kuwaandikisha wakulima na kutumia namba za utambulisho. Bajeti ya Wizara ya Kilimo imekua kutoka takriban shilingi bilioni 294 mwaka 2021/22 hadi trilioni 1.2 mwaka 2024/25. Ukuaji huo ni mkubwa, na sasa swali la njia linakuwa zito zaidi kuliko la kiasi.

Kenya nayo ilishusha bei ya mfuko wa mbolea wa kilo 50 hadi shilingi 3,500 mwaka 2022 na kisha 2,500 mwaka 2023. Mapema mwaka 2024 ikagundulika kwamba baadhi ya mbolea iliyouzwa kwa ruzuku ilikuwa bandia. Bunge lilijaribu kumng'oa Waziri wa Kilimo Mithika Linturi. Kamati maalum ikamwondolea lawama mwezi Mei, na Julai akaondoka pamoja na karibu baraza zima la mawaziri. Mkulima wa Rift Valley aliyekwisha kuitia ardhini mbolea hiyo hakuwa na msimu mwingine wa mwaka huo. Fedha za ruzuku zilikuwa zimetoka hazina kweli, lakini kilichomfikia hakikuwa mbolea.

Matrekta mjini Berlin

Wakulima wa Afrika Kusini hupenda kusema kwamba wanashindana na wenzao wa Ulaya wanaobebwa na serikali zao, na ni kweli kwamba msaada wanaoupata ni mdogo mara kadhaa kuliko ule wa Umoja wa Ulaya. Lakini hata Ulaya mvutano upo. Mwishoni mwa mwaka 2023, baada ya mahakama ya katiba ya Ujerumani kubatilisha sehemu ya mipango ya fedha ya serikali, Berlin iliamua kukata ruzuku ya dizeli ya wakulima. Januari 2024 maelfu ya matrekta yalifunga barabara. Serikali ilirudi nyuma nusu, na serikali iliyoingia mwaka 2025 ikaahidi kuirudisha ruzuku yote.

Funzo la hapo ni juu ya sauti. Mkulima wa Ujerumani alisikika kwa sababu ana trekta la kufungia barabara na chama cha kumsemea. Mama mwenye kuku 200 pembezoni mwa Johannesburg hana la kufungia barabara yoyote. Malalamiko yake hayafiki kwenye taarifa ya habari, na jina lake halimo katika orodha ya wizara.

Kalenda mbili

Yeyote anayetaka kujua kama bajeti ya kilimo ni ya kweli anaweza kutazama kalenda. Mwaka wa fedha wa serikali ya Afrika Kusini huanza Aprili 1. Mahindi hupandwa kuanzia Oktoba. Kuna miezi sita ya kununua, kuhakiki majina na kufikisha pembejeo shambani. Tanzania na Kenya huanza mwaka wa fedha Julai 1, na katika nyanda za juu kusini mwa Tanzania mvua huanza karibu na Novemba, kwa hiyo nafasi ni fupi zaidi. Mbolea inayofika Januari imehesabiwa katika ripoti ya wizara, lakini mahindi yamekwisha njano.

Mambo ya kuwauliza wabunge basi ni mepesi. Fedha ziliondoka hazina lini? Zilipitia mikono mingapi? Mkulima asiye na hati wala akaunti ya benki aliandikishwa vipi? Na mvua ikikosekana, nani analipa: yeye peke yake, au tumekubaliana mapema kugawana hasara? Afrika Kusini imetumia mabilioni bila kupata jibu la pamoja la swali hilo la mwisho, na ndiyo maana kila ukame huanzisha mjadala upya kana kwamba ni wa kwanza.

Katika mitaa ya Yeoville, ambako Kiswahili cha Kongo husikika kwenye vinyozi na maduka ya simu, wapo wanaotuma fedha nyumbani kila msimu wa kupanda. Wanafanya hivyo pia Watanzania na Wakenya walioko London, Muscat na Minneapolis. Fedha hizo hazimo katika bajeti yoyote na hakuna bunge linalozijadili, lakini zinanunua mbolea, tena kwa wakati. Mtumaji anajua tarehe ambayo mvua inatarajiwa kijijini kwao, na anampigia simu mama yake kuuliza kama mfuko umefika. Wizara nyingi zenye mabilioni bado hazijafikia kiwango hicho cha ufuatiliaji.